Karani wa mahakama India akikudai rushwa: hatua za kufuata hadi kizimbani

Kwetu husemwa penye udhia penyeza rupia. Ukiwa India, nchi ya rupia zenyewe, ushauri huo unaweza kukufunga. Sheria ya Kuzuia Rushwa ya mwaka 1988 ilirekebishwa Julai 2018, na tangu hapo mtoaji naye ana kifungu chake, cha 8, ambacho adhabu yake inafika miaka 7 jela. Mpokeaji anasubiriwa na kifungu cha 7: miaka 3 hadi 7, na faini juu.

Ninawaandikia wanaojikuta kwenye mahakama za wilaya za India bila kutarajia. Mwanafunzi wa Pune au Jalandhar aliyeingia kwenye ugomvi na mwenye nyumba. Mgonjwa aliyemshtaki dalali aliyemtapeli Chennai. Familia ya Mombasa au Dar yenye shamba la babu kule Kutch, na kesi yake kila mwaka inapigwa kalenda. Hao wote kabla hawajamwona hakimu watakutana na karani, na kwenye meza ya karani ndiko utakakosikia habari ya "chai-pani" au "kharcha-pani", yaani chai na maji au gharama ndogondogo, majina ya mafumbo ya rushwa.

Kabla ya hatua zenyewe, shika hili moja: nchini India kesi ya rushwa haisimami kwa kuwa noti zimekutwa mfukoni mwa karani. Inasimama kwa kuwa karani alidai. Mahakama ya Juu ilishasema tangu 1979, katika shauri la Suraj Mal, kwamba kukutwa na fedha peke yake hakutoshi. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kina lengo hilo: madai yasikike, yaandikwe, yathibitishwe na mtu asiye wewe.

Hatua ya 1: Mjue anayekuomba

Delhi na majimbo ya kaskazini, peshkar ndiye anayekaa mbele ya meza ya hakimu, anaita mashauri na kuandika tarehe. Ahlmad anatunza majalada. Nazir anasimamia fedha na wapeleka hati za wito. Chaprasi ni tarishi wa mlangoni. Naib court ni askari polisi aliyepangiwa mahakama hiyo. Ukishuka Karnataka au Kerala utasikia shirastedar, karani mkuu. Hawa wote ni watumishi wa umma kwa mujibu wa sheria hii, na hata mtu wa nje aliyeteuliwa na mahakama kufanya kazi fulani ya shauri, mfano msimamizi wa mali inayogombaniwa, anahesabiwa humo.

Munshi ni habari nyingine. Yeye ni karani wa wakili, haajiriwi na mahakama, ingawa ukimwona anavyoingia na kutoka masjala utadhani pale ni kwake. Akikuambia "peshkar anataka elfu tatu", yawezekana peshkar hajui lolote na elfu tatu zinaishia mfukoni mwa munshi. Naye ana kifungu chake, 7A, kwa wanaochukua fedha wakiahidi kumshawishi mtumishi wa umma, adhabu ni ileile ya miaka 3 hadi 7. Kwa hiyo unapoandika maelezo yako, andika nani alitamka nini. Usimtaje peshkar kama hukumsikia peshkar.

Hatua ya 2: Jua kilicho haki yako

Tarehe ya shauri haiuzwi. Kila kesi ina namba yake ya CNR yenye herufi na tarakimu 16. Ukiiingiza kwenye tovuti au programu ya eCourts, ya mahakama zenyewe, unaona tarehe ijayo na amri nyingi za mahakama bila kulipa hata senti. Nakala iliyothibitishwa inaombwa kwenye kitengo cha nakala (waulize "nakal" na utaonyeshwa dirisha) kwa ada ndogo ya ukurasa, na ukiitaka haraka kuna ada rasmi ya haraka. Kupeleka hati ya wito kuna ada yake. Vyote hivyo vina risiti. Kisicho na risiti si ada.

Risiti hizo zitunze zote, za rupia kumi kwa za rupia mia. Huko mbele utaona kwa nini.

Ukweli ni kwamba watu hawatoi rushwa kwa kutojua ada. Wanatoa kwa sababu ya muda. Mahakama za wilaya za India zina mashauri yanayosubiri zaidi ya milioni 40, na mahali penye foleni ya namna hiyo tarehe ya karibu inageuka bidhaa. Pabaya zaidi ni kwenye dhamana. Hakimu ameshatamka kwamba ndugu yako atoke. Sasa mdhamini lazima ahakikiwe, hati isainiwe, amri ya kumwachia ipelekwe gerezani kabla ya saa ya kufunga. Karatasi ikilala mezani siku moja, mtu naye analala ndani siku moja. Karani halazimiki kukutishia, anatazama tu saa ya ukutani. Kama uko katika hali hiyo, mwombe wakili wako arudi mbele ya hakimu siku hiyohiyo, aseme waziwazi kwamba amri haijapelekwa, na ikiwa shida ni mdhamini wa kienyeji (wageni wengi hawana) aombe ruhusa ya kuweka fedha taslimu mahakamani badala yake. Mara nyingi hilo peke yake linalisogeza jalada kuliko malalamiko ya wiki nzima.

Hatua ya 3: Usilipe, usigombane, na kamwe usiwe wa kwanza kutaja fedha

Sentensi inayoharibu kesi nyingi ni ile ya upole kabisa: "Niwape ngapi, mzee?" Ukishaitamka, wewe ndiye uliyetoa ofa, na wakili wa karani ataisoma mahakamani mara tatu. Mwache aseme mwenyewe mambo manne: kiasi gani, kwa kazi gani, za nani, na lini. Mazungumzo yawe kama haya:

— Kuna gharama kidogo.
— Gharama ya nini, sahab (bwana)? Ada ya nakala nimelipa, risiti hii hapa.
— Si ya nakala, ya jalada. Elfu tano.
— Nikizileta, nini kitafanyika?
— Keshokutwa jalada linakuwa mezani kwa hakimu.
— Na nisipozileta?
— Majalada ni mengi.
— Sina hapa nilipo. Nipe siku mbili.

Ukiweza kutoka hapo na majibu hayo, umeshafanya nusu ya kazi ya wapelelezi. Siku mbili ulizoomba si uongo wala ujanja mbaya: ndizo zitakazotumika kuandaa mtego, yaani wapelelezi kumkamata karani akipokea fedha.

Kurekodi? Simu anayokupigia yeye, au ujumbe anaokuandikia, ni dhahabu. Ukiwa ndani ya ukumbi wa mahakama usithubutu kuwasha kinasa sauti, hilo ni kosa jingine na litakupotezea kesi. Ulichorekodi kiache kwenye simu ileile ilimorekodiwa. Usikikate, usikibadilishe jina, usikitume kwa jamaa. Sheria mpya ya ushahidi, inayotumika tangu Julai 2024, inataka cheti maalumu cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 63, na maswali ya kwanza yatakuwa kuhusu chombo asilia. Jiandae pia kwamba simu inaweza kuzuiliwa miezi kadhaa, kwa hiyo toa nakala ya namba zako za simu na picha za pasipoti mapema.

Usiku huohuo andika kila kitu: tarehe, saa, mlango gani, nani alikuwa karibu, maneno yenyewe kwa lugha aliyoyasema. Kama alisema Kihindi na wewe umeelewa nusu, andika hiyo nusu.

Hatua ya 4: Kama umeshalipa, hesabu siku 7

Kifungu cha 8 kimeacha mlango mmoja kwa aliyelazimishwa: atoe taarifa kwa chombo cha sheria ndani ya siku 7 tangu alipotoa. Siku hizo zinahesabiwa tangu fedha ilipotoka mkononi mwako, na siyo tangu ulipojisikia tayari. Nenda na maandishi, udai muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Kuna mlango wa pili, na ndio bora: anayekwenda kwanza kwa wapelelezi, kisha akatoa fedha kwa maelekezo yao ili kusaidia uchunguzi, kifungu hicho hakimgusi kabisa. Mtego wote umesimama juu ya sentensi hiyo ya sheria.

Hatua ya 5: Nenda kwenye ofisi inayohusika

Kituo cha polisi cha kawaida si mahali pake. Makarani wa mahakama za wilaya ni watumishi wa jimbo, na kila jimbo lina chombo chake kinachofanya kazi ya TAKUKURU kwetu au EACC kwa Kenya. Maharashtra, Gujarat, Rajasthan na Telangana ni ACB (Anti-Corruption Bureau, ofisi ya kupambana na rushwa), na namba ya simu ni 1064. Delhi nayo ina ACB, namba 1031. Karnataka ni polisi wa Lokayukta, msimamizi wa maadili ya watumishi wa umma wa jimbo, baada ya Mahakama Kuu ya jimbo kuifuta ACB mwaka 2022. Tamil Nadu chombo kinaitwa DVAC. Punjab ni Vigilance Bureau. Chandigarh, kwa kuwa iko chini ya serikali kuu, utaenda CBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu.

Simu ni ya kuanzia tu. Lazima ufike mwenyewe. Ukifika, uliza ofisa wa cheo gani atashika jalada lako: sheria inataka, kwa kawaida, naibu msimamizi wa polisi au zaidi, na chini ya hapo hadi inspekta pale tu jimbo lilipotoa idhini.

Njia ya pili ni ya kiutawala: barua kwa Hakimu Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwajiri wa makarani wengi, au kwa Msajili wa Mahakama Kuu anayeshughulikia uadilifu. Njia hiyo inafaa kama huna ushahidi wa madai ila una ushahidi wa usumbufu, mfano jalada linalopotea kila unapofika. Ila ukitaka mtego, usianze na barua hiyo. Barua hupita mikono mingi, na mmoja wa mikono hiyo anakunywa chai na peshkar wako.

Kuhusu wakili wako: mwambie, lakini mpime kwanza. Wapo watakaokusindikiza hadi ACB. Wapo pia watakaokusihi ulipe yaishe, na wana sababu yao. Wewe utapanda ndege, wao kesho wanasimama mbele ya peshkar yuleyule.

Hatua ya 6: Malalamiko ya maandishi

Yawe mafupi, kwa Kiingereza au lugha ya jimbo, na yawe na vitu hivi: namba ya kesi yako, kazi uliyoihitaji, tarehe ulizofika, maneno ya madai, kiasi, na sentensi isemayo kwamba hutaki kutoa rushwa na unaomba hatua za kisheria. Taja kama una deni au ugomvi wowote na karani huyo. Kama mlikopeshana hata rupia mia mbili, sema sasa, maana "alikuwa ananilipa deni langu" ni utetezi wa kawaida kabisa. Usisaini karatasi ya Kimarathi au Kihindi ambayo hukuelezwa. Ngoja mkalimani, hata kama ni hadi kesho. Ubalozi wako New Delhi unaweza kukusaidia kumpata. FIR, yaani taarifa rasmi ya kosa inayofungua upelelezi, ikishaandikwa, nakala ni haki yako, tena bure.

Hatua ya 7: Uhakiki wa madai

Hapa wengi hukata tamaa, wanadhani wapelelezi hawawaamini. Kabla ya mtego, ofisa atakurudisha kwa karani ukiwa na kinasa sauti kidogo na shahidi huru, mara nyingi mtumishi wa idara nyingine ya serikali, anayeitwa panch. Hubebi fedha safari hii. Unakwenda kupatana tu, na karani arudie madai yake shahidi akisikia. Usiigize. Uliza uliyouliza mara ya kwanza: kiasi, kazi, za nani, lini. Akipunguza kutoka elfu tano hadi elfu tatu, vizuri zaidi, kwa sababu anayepatana bei anakiri kwamba anauza.

Akinusa na kusema "fedha gani? sikujui", ondoka. Usimfuate wala usimbembeleze. Kisheria kujaribu kupata fedha ni kosa hata kama hazikupokelewa, kwa hiyo madai yaliyonaswa mara ya kwanza bado yana uzito.

Hatua ya 8: Siku ya mtego

Fika mapema, ukiwa umekula, kwa maana siku itakuwa ndefu. Suala la kwanza ni fedha. Mara nyingi ni zako. Ofisi hurejesha baadaye kutoka mfuko maalumu, lakini uliza siku hiyohiyo nani anatoa, zitarudi lini, na uandikiwe. Noti zenyewe zinakuwa vielelezo na hutaziona tena kwa muda. Madai yakiwa makubwa, baadhi ya ofisi huweka noti chache za kweli juu ya bunda la bandia.

Mashahidi wawili wataitwa. Namba ya kila noti itaandikwa. Kisha noti zitapakwa unga mweupe wa fenolfthaleini, ambao kwa macho huuoni. Ofisa ataonyesha unavyofanya kazi: shahidi mmoja anagusa noti, anachovya vidole kwenye glasi ya maji yenye sodiamu kaboneti, kitu kilekile kilicho ndani ya magadi ya kupikia maharage, na maji yanageuka waridi. Glasi inamwagwa, kila mtu ananawa, na chupa ya unga inabaki ofisini, isije ikasemwa kwamba ilibebwa hadi kwenye tukio. Mifuko yako itapekuliwa iwe mitupu. Mtu mwingine ndiye atakayekuwekea noti mfukoni. Yote haya yanaandikwa kwenye panchnama, hati ya kumbukumbu inayosainiwa na mashahidi, nawe unasaini. Isome, au usomewe, neno kwa neno.

Kutoka hapo, sheria zako ni chache ila hazina mjadala:

Usiziguse noti mpaka akudai. Usimpe karani mkono, hata akikunyoshea. India unaweza kukutanisha viganja kifuani, ukasema namaste, na hakuna atakayeona ajabu. Ukimshika mkono kabla, unga umeshahamia kwake na utetezi umeshapata pa kuanzia. Usimwekee mezani, kwenye droo wala ndani ya jalada kwa hiari yako. Usimtumbukizie mfukoni. Mwambie tu, "Nimekuja kwa ile kazi", kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, utatamani kukijaza. Usikijaze. Acha aseme "umeleta?" huku shahidi anayekusindikiza akisikia. Ndipo utoe, naye apokee kwa mkono wake.

Akisema "mpe yule muuza chai", muulize kwa sauti, "Nimpe yule muuza chai hizo elfu tatu zako?" Sheria inasema wazi kwamba haijalishi kama mtumishi anapokea mwenyewe au kupitia mwingine, lakini lazima isikike kwamba muuza chai katumwa.

Kisha toa ishara mliyokubaliana, pengine kupangusa uso kwa leso au kupiga simu ikate. Ifanye mara moja tu, na kaa pembeni. Kuanzia hapo si kazi yako tena. Maofisa watajitambulisha, watamshika karani viganja, watamnawisha kwenye maji yaleyale, mkono wa kulia glasi yake, wa kushoto glasi yake, hata kitambaa cha mfuko kitachovywa. Maji yakigeuka waridi yanatiwa kwenye chupa, yanapigwa lakiri na kusainiwa, yaende maabara ya serikali. Namba za noti zinalinganishwa na orodha.

Sikiliza vizuri maelezo yake ya papo hapo, na hakikisha yanaandikwa. Karani wa ardhi akikutwa na noti hana mengi ya kusema. Karani wa mahakama ana jibu zuri kuliko wote: "Ni ada ya nakala, aliniomba nimlipie dirishani." Kazi yake halali inagusa fedha kila siku, na majaji wanalijua hilo. Ndiyo maana nilikuambia tunza risiti. Ukiwa na risiti inayoonyesha ada zote zililipwa wiki moja kabla, jibu hilo limekufa palepale.

Hatua ya 9: Miezi inayofuata

Omba maelezo yako yachukuliwe mbele ya hakimu chini ya kifungu cha 183 cha sheria mpya ya mwenendo wa jinai, hasa kama wewe ni mgeni na huenda ukaondoka. Karani kwa kawaida husimamishwa kazi. Sauti yake itachukuliwa ilinganishwe na iliyorekodiwa. Kabla ya kushtakiwa, anayeweza kumfuta kazi lazima atoe kibali chini ya kifungu cha 19, na muda wake ni miezi 3, ukiongezeka hauzidi mwezi mmoja zaidi. Kibali kinapokwama, ni wewe na wakili wako mtakaoandika barua kuulizia, maana hakuna mwingine mwenye haraka.

Kibali kingine, cha kifungu cha 17A, utasikia watu wakikitaja kukutisha. Hicho kinahusu uchunguzi wa maamuzi ya kiofisi, na sheria yenyewe inamtoa aliyekamatwa papo hapo akipokea.

Wakati huu ndipo watu wa karani watakapokuja. Shemeji, jirani, wakili mwenye maneno matamu. Watataka mmalize nje. Kosa hili halimalizwi kwa kusuluhishana, na anayebadili maneno yake kizimbani anaweza kugeuka yeye mshtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Kila anayekujia, mwandikie mpelelezi jina na saa.

Hatua ya 10: Kizimbani

Kesi inasikilizwa na hakimu maalumu wa mashauri ya rushwa. Sheria inataka iishe ndani ya miaka 2, na nyongeza zote zisivuke miaka 4. Usiipange safari yako kwa hesabu hiyo.

Shauri la Neeraj Dutta, karani wa shirika la umeme Delhi, lifahamu kabla hujapanda kizimbani. Mtego uliwekwa mwaka 2000. Mlalamikaji akafariki kabla ya kutoa ushahidi. Desemba 2022 majaji watano wa Mahakama ya Juu walisema kwamba mlalamikaji akifa au akigeuka, madai na mapokezi bado yanaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mashahidi wengine na wa mazingira. Watu wakashangilia. Machi 2023 jalada lilirudi kwa majaji wawili, wakapima ushahidi uliokuwepo, wakaona madai hayakuthibitika, na mshtakiwa akaachiwa, miaka 23 baada ya mtego. Kanuni ilishinda na kesi ikashindwa. Panch mmoja aliyesikia vizuri yale maneno ya kudai angeibadilisha.

Ukitakiwa kutoa ushahidi nawe umesharudi nyumbani, upande wa mashtaka unaweza kuomba usikilizwe kwa video. Mwachie mpelelezi anwani, barua pepe na namba ya ndugu anayepatikana. Ukiwa kizimbani, rudia maneno ya madai kama yalivyo kwenye maelezo yako. Usiyapambe.

Akisema fedha ni za hakimu

Atasema, karibu kila mara: "Si zangu, ni za sahab." Andika kwamba alisema hivyo, basi. Usiandike kwamba hakimu anakula rushwa. Hujui. Karani anayetumia jina la mkubwa wake huwa anapandisha bei tu, na wewe ukimtangaza hakimu hadharani unaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama, miezi 6 jela.

Uzito wa jambo hili umeonekana karibuni. Mei 2025 ACB ya Delhi ilimfungulia FIR ahlmad wa mahakama ya Rouse Avenue kwa tuhuma za kudai rushwa ili washtakiwa wapate dhamana katika kesi ya kodi. Mwenyewe alikana. Miezi michache kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeiambia ACB kwamba dhidi ya hakimu wa mahakama hiyo hakuna ushahidi wa kutosha, waendelee kuchunguza. Novemba mwaka huohuo ACB ya Maharashtra ilimkamata karani wa mahakama ya Mazgaon, Mumbai, kwa tuhuma za kupokea rupia laki 15 katika kesi ya ardhi. Kwa maelezo ya ACB madai ya kwanza yalikuwa laki 25, kumi zake na kumi na tano za hakimu. Hizo bado ni tuhuma, na kumgusa hakimu kuna utaratibu wake unaopitia Mahakama Kuu. Hata jaji hawezi kuukiuka kirahisi: Agosti 2019, Jaji Rakesh Kumar wa Mahakama Kuu ya Patna aliagiza CBI wachunguze rushwa ya makarani wa mahakama ya mjini humo iliyonaswa na kamera za televisheni, na kesho yake majaji 11 wa mahakama hiyohiyo wakaisimamisha amri yake.

Na kesi yako ya awali?

Hiyo haisimami. Mara tu baada ya mtego, wakili wako aombe kwa Hakimu Mkuu wa Wilaya shauri lihamishiwe mahakama nyingine ya wilaya hiyo, akiambatanisha nakala ya FIR. Angalia CNR kila wiki, kwa kuwa tarehe inaweza kusogezwa bila mtu kukuambia, na shauri likafutwa kwa kutofika kwako. Nakala uliyokuwa ukiifuatilia iombe upya kwa maandishi, dirisha lilelile, kwa ada ileile, na usiondoke pale bila risiti.